Sikio linapovuma: namna ya kupima vifaa na tiba kabla hujatoa fedha zako

Umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009 na kukaa miezi mitatu bila kurudi, karakana yetu ya milango ilifanya kazi kwa jenereta. Tuliliweka nyuma ya mlango, hatua nne kutoka kwenye mashine ya randa, na mimi ndiye niliyesimama katikati yao kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Machi 2010 umeme ukarudi, jenereta likazimwa. Usiku ule wa kwanza wa kimya nilimuuliza mke wangu kama na yeye anazisikia zile nyenze. Akanambia hakuna nyenze, lala.

Nyenze wale niko nao mpaka leo. Katika miaka hii nimenunua dawa, vidude, mafuta na mashine. Nilianza na vitu vya ghali vilivyoahidi mengi, nikaishia kwenye vitu vya kawaida vilivyonisaidia kweli. Ningeanza upande wa pili ningeokoa fedha nyingi na usiku mwingi wa kukesha. Naandika mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mwaka ule.

Jambo moja litangulie, kwa sababu kila hatua inalitegemea. Mpaka sasa hakuna kifaa wala dawa iliyothibitika kuzima mvumo wa kawaida wa sikio ukanyamaza kabisa. Kwa hiyo anayeuliza "hiki kitaizima sauti?" atadanganywa na kila muuzaji. Uliza mambo matatu mengine: kitanisaidia kulala? Kitanisaidia kusikia watu? Kitanipunguzia dhiki? Hayo yanapimika, na yapo mambo yanayoyasaidia.

Hatua ya 1: Hakikisha si mvumo wa hatari

Masikio kuvuma, wataalamu huita tinitasi, ni kusikia sauti isiyotoka nje. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa 2022 ulikadiria kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya saba duniani anaijua hali hii, na kwa kiasi cha wawili katika kila mia ni kali. Mara nyingi hufuatana na upungufu wa kusikia. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo vinavyopokea sauti. Zikiumia, kwa makelele au kwa umri, ubongo hupokea kidogo kuliko ulivyozoea, nao huongeza nguvu ya kusikiliza. Ni kama redio ya betri unapotafuta stesheni ya mbali: unafungulia sauti mpaka mwisho, na kinachokuja ni mvumo mtupu.

Huo ndio mvumo wa kawaida. Lakini ipo mivumo isiyosubiri mwongozo wa mtu yeyote:

- Umelala unasikia vizuri, umeamka sikio moja limekufa au limeziba ghafla. Hii ni dharura. Daktari akiona ni ugonjwa wa ndani ya sikio, anaweza kuanzisha dawa za steroidi, na faida yake hupungua kadiri siku zinavyopita. Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Ukiwa Micheweni au Makangale usisubiri mpaka upate safari nyengine ya mjini. Nenda siku hiyo hiyo.
- Mvumo unakwenda sambamba na mapigo ya moyo. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono usikilize kama vinakwenda pamoja. Hapo presha, upungufu wa damu na mishipa ya damu lazima viangaliwe.
- Sikio moja tu ndilo linalovuma, au linasikia kidogo kuliko jengine.
- Kizunguzungu kikali, uso kupooza upande mmoja, usaha, au mvumo ulioanza baada ya kugonga kichwa.
- Umetoka kuzamia, pweza au majongoo, na sikio likauma au likaziba chini ya maji. Usirudi tena chini mpaka limeangaliwa.

Na ikiwa mvumo unakutia fikra za kutotaka kuishi, mwambie mtu wa nyumbani leo hii na akupeleke hospitali. Linatokea, na si upungufu wa imani.

Hatua ya 2: Sikio liangaliwe, kisha usikivu upimwe

Usinunue chochote kabla ya hatua hii. Mimi niliiruka kwa miaka minne.

Kuangaliwa kwenyewe ni kwa dakika chache. Mara nyengine kinachokutwa ni nta iliyokauka ikagusa ngoma ya sikio, ikitolewa mvumo unapungua au unaondoka. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza hapo. Usijichokoe kwa kijiti cha pamba, kwa kalamu wala kwa njiti ya kiberiti, maana unaisukuma nta ndani zaidi.

Mueleze daktari dawa zote unazotumia au ulizotumia karibuni. Kwinini huvumisha masikio, na kwa kawaida hutulia ikiisha mwilini. Aspirini kwa dozi kubwa ni hivyo hivyo. Sindano za gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuumiza sikio moja kwa moja, na furosemaidi inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo na figo nayo imo katika orodha ya dawa za kuangaliwa. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Moyo hauna subira kama sikio.

Kisha omba kipimo cha usikivu. Unguja, rufaa kwa kawaida huishia Mnazi Mmoja. Pemba, hospitali kubwa ni Abdalla Mzee, Mkoani. Kabla ya kupanda gari au boti piga simu au mtume jamaa aulize mambo mawili: mtaalamu wa masikio, pua na koo anakaa siku gani, na mashine ya kupimia usikivu inafanya kazi? Mimi nilishawahi kupoteza siku nzima kwa kutouliza la pili.

Unavalishwa visikilizio kwenye chumba kimya na unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu. Kijana aliyenipima aliangalia karatasi yangu akauliza, "Baba, umewahi kufanya kazi ya makelele?" Nikamjibu, "Mwanangu, mimi seremala." Alikwishajua. Karatasi hiyo, odiogramu, ina alama ya duara jekundu kwa sikio la kulia na msalaba wa buluu kwa la kushoto. Kadiri alama zinavyoshuka chini ndivyo unavyosikia kidogo. Kwa walioumizwa na makelele, mstari mara nyingi huporomoka karibu na hezi 4,000, yaani kwenye milio myembamba, kisha ukapanda tena kidogo, kama shimo barabarani. Shimo langu lipo hapo hapo. Ndiyo maana mke wangu akisema "samaki" mimi nilikuwa nasikia "amaki", nikidhani anamung'unya maneno.

Omba nakala, uitunze pamoja na kadi yako ya hospitali. Bila karatasi hii hakuna anayeweza kukuchagulia mashine ya kusikia.

Hatua ya 3: Daftari la wiki mbili

Chukua daftari la skuli. Kila siku mara moja tu, baada ya chakula cha usiku, andika namba tatu kutoka 0 hadi 10: nimelalaje jana, nimesikiaje watu leo, dhiki ya mvumo leo ilikuwa kiasi gani. Pembeni andika neno moja la lililotokea: mashine, safari, harusi, kukesha, ugomvi.

Usiandike ukubwa wa mvumo, wala usiupime kila saa. Ukiusikiliza ili uupime unaufundisha ubongo kuwa hiyo ni sauti ya maana.

Baada ya wiki mbili utaona tatizo lako liko wapi, na hapo ndipo njia zinapoachana. Anayesumbuliwa na usingizi aanzie hatua ya 4. Asiyesikia watu, hatua ya 5. Mwenye dhiki na hofu, hatua ya 6. Wengi wetu tuna vyote vitatu, lakini kimoja hutangulia.

Hatua ya 4: Tiba ya usiku, isiyo na gharama

Kimya ndicho kinachoupa mvumo nafasi. Weka sauti nyengine chumbani, ndogo, isiyobadilika, isiyo na maneno: feni, mvua, mawimbi. Simu yoyote ya kisasa ina uwezo wa kucheza sauti ya mvua usiku kucha, na programu nyingi za namna hiyo ni za bure. Pakua sauti yenyewe ibaki ndani ya simu, isimalize bando na isikatike mtandao ukiondoka. Feni peke yake haitoshi kwetu: umeme ukikatika saa nane za usiku, kimya kinakurudia kwa kishindo. Simu iliyochajiwa iwe karibu.

Ukubwa wa sauti ndipo wengi wanapokosea. Usiifungulie mpaka mvumo ukapotea. Iwe chini yake kidogo, usikie vyote viwili, mvumo ukiwa umechanganyika na mvua. Ukiufunika kabisa kila usiku, siku sauti ikikosekana utakuwa umerudi mwanzo. Na usilale na visikilizio vya kuchomeka masikioni. Tumia spika ya simu au spika ndogo.

Wengi nyumbani kwetu huiacha Qur'ani ikisomwa redioni usiku. Mimi nashauri, kwa heshima kamili, isitumike kwa kazi hii. Qur'ani inataka kusikilizwa, na sauti inayofaa hapa ni ile ambayo akili inaruhusiwa kuiacha. Isikilize kabla ya kulala, kisha weka mvua.

Kuhusu kahawa, hakuna ushahidi mzuri kwamba kuiacha kunapunguza mvumo. Ikiwa daftari lako halionyeshi kitu, usijinyime kahawa ya barazani. Mazungumzo ya barazani yenyewe ni dawa. Ila isiwe ya usiku, kwa ajili ya usingizi.

Jipe mwezi. Ukilala vizuri na dhiki ikashuka, pengine huhitaji kununua kitu maishani.

Hatua ya 5: Mashine za kusikia

Kwa mwenye upungufu wa kusikia pamoja na mvumo, kifaa cha kwanza cha kukitolea fedha ni hiki. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2014 na ule wa Uingereza wa 2020 yote inaelekeza huko. Kazi yake ni rahisi kuielewa ukikumbuka ile redio. Mashine inaurudishia ubongo sauti zilizokuwa hazifiki, na wenyewe unapunguza kuhangaika. Majani yanarudi, nyayo zinarudi, herufi "s" inarudi, na mvumo unakuwa mmoja kati ya sauti nyingi. Kwa wengine athari hiyo huonekana mashine ikiwa sikioni tu. Kwangu mimi mvumo upo, lakini mchana mzima naweza kupita bila ya kuukumbuka.

Kama kipimo kinaonyesha unasikia vizuri kabisa, hatua hii si yako. Usiuziwe.

Jihadhari kuchanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Kipo kikuza sauti cha bei ndogo, kinachokuza kila kitu kwa kiasi kimoja, hata mngurumo wa gari na kelele za vyombo. Na ipo mashine ya kusikia inayopangwa kwa kompyuta kufuata karatasi yako, ikiongeza pale palipo na shimo tu. Mimi niliuziwa cha kwanza kwa bei ya kunifanya niamini ni cha pili. Nilikivaa sokoni Darajani siku moja, nikarudi nyumbani mvumo umezidi. Dalili ya kukijua: muuzaji hakuulizi kipimo chako.

Anayekuuzia mashine muulize haya, na majibu uyaandike. Je, itapangwa kwa odiogramu yangu? Nikirudi baada ya wiki tatu atairekebisha nani, na yuko kisiwa gani? Naweza kuijaribu wiki kadhaa na kuirudisha? Ina sauti ya ndani ya kutuliza mvumo, na inaweza kuzimwa nisipoitaka? Tundu la sikio litabaki wazi au litazibwa? Kwa shimo kama langu ncha laini iliyo wazi ni bora, kwa sababu sikio likizibwa unasikia sauti yako mwenyewe kama uko ndani ya pipa, na mvumo unaongezeka.

Swali la nani atairekebisha ni zito kuliko la bei. Mashine nzuri iliyonunuliwa Dar es Salaam au Dubai bila ya mtu wa kuipanga ni sawa na randa nzuri yenye wembe butu. Bora ya kawaida ambayo mtu wake unaweza kumfikia. Ukiwa Pemba, hesabu nauli ya safari tatu za kurekebishiwa ndani ya bei ya mashine, uone kama fedha bado inatosha.

Kisha betri. Mashine zisizo za kuchaji hutumia betri ndogo za hewa, zilizopewa namba na rangi: 10 ya njano, 312 ya kahawia, 13 ya rangi ya chungwa, 675 ya buluu. Namba kubwa hudumu zaidi; 312 inaweza kwisha kwa wiki moja hivi. Ukiibandua ile karatasi yake betri imeanza kazi hata usipoivaa, kwa hiyo usibandue mbili kwa pamoja. Ibandue, iache dakika moja ivute hewa, ndipo uiweke. Kabla ya kununua mashine uliza betri zake zinapatikana wapi, ununue za miezi mitatu. Ziweke mbali na watoto. Mtoto akimeza betri ni hospitali mara moja. Mashine za kuchaji zinakuondolea shida hiyo, lakini uwe na pawabenki ya kuchajia umeme ukikatika.

Adui mkubwa wa mashine hapa kwetu ni unyevu na chumvi. Hewa ya pwani inakula chuma, sembuse waya mwembamba kama unywele. Kila usiku ifute kwa kitambaa kikavu, ufungue kijumba cha betri, uilaze ndani ya mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi, usiutumie. Wakati wa kutia udhu ivue, ukaushe masikio baada ya kupangusa, uirudishe. Niliwahi kuisahau kwenye kibaraza cha bomba la msikiti. Tangu hapo nina mfuko mmoja wa kanzu ambao ni wa mashine peke yake. Na kwenye boti ndogo iweke mfukoni ndani ya kijimkebe, hata bahari ikiwa shwari.

Mwisho wa yote, subira. Siku za mwanzo karatasi ikikunjwa utadhani mtu anavunja bati. Vaa saa mbili, kesho tatu, na anzia mahali patulivu. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea, na wengi huziacha mashine zao kabatini kwa sababu walianzia harusini.

Aliyekuwa kiziwi kabisa au karibu yake, ambaye mashine hizi hazimsaidii, ana njia nyengine: kupandikizwa kifaa ndani ya sikio. Muhimbili ilianza upasuaji huo 2017, na kwa baadhi ya wagonjwa mvumo hupungua pia. Haufanywi kwa ajili ya mvumo peke yake.

Hatua ya 6: Tiba ya mazungumzo

Hii ndiyo niliyoikataa kwa muda mrefu, na ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 28 zenye watu 2,733 na kuona kuwa tiba ya fikra na mwenendo inapunguza madhara ya mvumo katika maisha. Tiba yenyewe haikusudiwi kupunguza ukubwa wa sauti. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nikaona ni tiba ya kitapeli: sasa inatibu nini? Nilielewa kwa njia ya kunguru.

Kaa Mji Mkongwe alfajiri. Kunguru wanapiga kelele ambazo mgeni wa hoteli haamini kama mtu anaweza kulala. Muulize mwenyeji, atakwambia, kunguru gani? Masikio yake ni mazima. Ubongo wake umeshaamua kuwa kunguru si habari. Mvumo nao unaweza kufika hapo, isipokuwa hauwezi kufika maadamu unauogopa, kwa sababu sauti ya kuogopwa ubongo hauiachi. Tiba hii inashughulika na hofu hiyo.

Inafanywa na mtu aliyesomea, kwa vikao kadhaa, na kazi za nyumbani katikati. Kama una namna ya kumpata, mpate. Unguja, Kidongo Chekundu ndiyo hospitali ya afya ya akili, na najua jina hilo linavyotumika mitaani kama tusi. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya sikio ana haki ya kwenda pale kama mwenye jino anavyokwenda kwa daktari wa meno. Uliza kama yupo anayefanya ushauri nasaha wa namna hii, hata kama hajawahi kutibu mvumo. Anayejua kutibu hofu na kukosa usingizi ana sehemu kubwa ya kazi mkononi.

Asiyempata anaweza kuanza mwenyewe, na mimi nilianza hivi. Kwenye daftari niliandika maneno yanayonijia usiku kama yanavyokuja: "Sitalala tena maishani." Chini yake nikaandika yaliyotokea kweli: wiki iliyopita nililala siku tano kati ya saba. Kisha sentensi ya tatu ambayo naweza kuiamini: "Nitachelewa kulala, kesho nitachoka, na kesho kutwa nitalala." Ukiandika sentensi ya uongo wa kujifariji haifanyi kazi. Iwe ya kweli.

Zoezi la pili ni la kuhamisha masikio. Kaa, dakika mbili sikiliza nyundo ya jirani au upepo kwenye minazi, dakika moja rudi kwenye mvumo bila kuukimbia, kisha toka tena. Unajifunza kuwa mlango uko wazi pande zote mbili.

La tatu ni la usingizi, na hapa Muislamu amepewa msaada: saa ya kuamka iwe moja kila siku, na adhana ya alfajiri inakupa saa hiyo. Kitanda kiwe cha kulala tu. Ukigeuka kwa muda wa kama dakika ishirini bila usingizi, ondoka, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikujia. Jioni usijilipe kwa usingizi mrefu wa baada ya alasiri.

La nne ndilo gumu: rudi kwenye mambo uliyoyaacha. Mimi nilikuwa nimeacha baraza, kwa sababu mvumo na watu wanne wakizungumza pamoja vilinishinda. Nilianza kwa kukaa robo saa na mtu mmoja.

Utasikia pia juu ya tiba ya kuuzoesha ubongo, iliyojengwa juu ya nadharia ya Pawel Jastreboff ya 1990: maelezo ya kina pamoja na kifaa cha kutoa mvumo mdogo sikioni. Mawazo yake ni mazuri. Lakini jaribio lililochapishwa 2019 kwa watu 151, wanajeshi wa Marekani, wastaafu wa jeshi na jamaa zao, liliwalinganisha waliopata tiba kamili, waliopata maelezo yale yale na vifaa visivyofanya kazi, na waliopata huduma ya kawaida yenye maelezo mazuri. Wote walipata nafuu, na tofauti ya maana haikuonekana. Kwa hiyo maelezo mazuri yalipe. Kifaa hicho usikiuzie ng'ombe.

Hatua ya 7: Vifaa vya ghali vinavyotangazwa

Kinachozungumzwa zaidi sasa ni Lenire, cha kampuni ya Neuromod ya Dublin. Unavaa visikilizio vinavyotoa sauti huku kijiti cha mdomoni kikiugusa ulimi kwa umeme mdogo sana, hadi saa moja kwa siku, kwa wiki 12. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikiruhusu Machi 2023. Utafiti wake wa 2020 ulikuwa na watu 326 na wengi walipata nafuu, lakini hapakuwa na kundi lililopewa kifaa bandia, kwa hiyo haijulikani nafuu kiasi gani ni ya kifaa na kiasi gani ni ya matumaini na uangalizi. Jaribio lililofuata, la watu 112, liliona kuongeza umeme wa ulimi kunazidi sauti peke yake kwa wenye mvumo wa wastani kwenda juu. Marekani kimekuwa kikiuzwa karibu dola 4,000, na hutolewa na mtaalamu anayekufuatilia. Si utapeli. Ila kwa mtu wa Unguja au Pemba ambaye hajapimwa usikivu, fedha hiyo ina kazi nyengine ya kutangulia.

Sumaku ya kuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu: mwongozo ule wa Marekani wa 2014 ulishauri isitolewe kama tiba ya kawaida ya mvumo. Taa nyekundu ya kuchomeka sikioni niliinunua, nikaitumia miezi miwili, daftari halikusogea hata namba moja.

Kifaa kingine chochote kikikujia simuni, kipitishe hapa: kilijaribiwa na watu wangapi, na kulikuwa na kundi la kulinganishia? Kinaahidi kupunguza dhiki au kuponya? Anayeahidi kuponya mfungie mlango. Kikiharibika kinatengenezwa wapi? Fedha inarudi nikikirudisha?

Hatua ya 8: Dawa, mafuta na tiba za nyumbani

Nitapita haraka. Ginkgo (dawa ya majani ya mti), zinki na melatonini (ya usingizi) mwongozo wa Marekani haukuzipendekeza kwa mvumo. Betahistini mwongozo wa Uingereza umesema isitolewe kwa mvumo peke yake. Kama una ugonjwa mwengine, wa kizunguzungu kwa mfano, fuata daktari wako.

Maji ya kitunguu thomu na mafuta ya habasoda usitie sikioni. Thomu inaunguza ngozi, na kama ngoma ina tundu unaumiza ndani. Mshumaa wa sikio unaunguza na hautoi nta. Dua, kisomo na kumswalia Mtume sikio linapovuma, kama wazee wetu walivyotufundisha, havimzuii mtu kupimwa. Lakini akikwambia mtu ni jini na anataka fedha ili alitoe, muombe kwanza akuonyeshe odiogramu yako.

Hatua ya 9: Linda kilichobaki

Kikomo cha kelele kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda salama unakatika nusu. Msumeno na randa vinapita hapo kwa mbali. Vaa vizuia kelele vya kufunika sikio ukiwa kwenye mashine, jenereta, uchomeleaji au karibu na spika za harusi, na vivue ukitoka. Ukivivaa hata nyumbani kwa kuogopa sauti, masikio yatazidi kutostahimili sauti na mvumo utazidi kusikika.

Hatua ya 10: Rudi kwenye daftari

Kila ulichokianza kipe miezi mitatu, kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kilichofanya kazi. Kisha andika tena wiki mbili zile namba tatu, ulinganishe na za mwanzo. Namba ikisogea mbili au zaidi na ikakaa, endelea. Isiposogea, rudisha kifaa, au kigawe, na usikitetee kwa sababu ulikilipia. Usikivu upimwe tena kila mwaka, au mapema zaidi ukiona unazidi kufungulia redio.

Daftari langu la kwanza lina usingizi 3, kusikia watu 4, dhiki 8. La mwezi uliopita lina 7, 7 na 2. Mvumo wenyewe sijawahi kuupa namba.